Nambari Kumi na Saba, Mlango wa Nyuma

Hull, Machi 1947

Mlango wa mbele haufunguki tangu bomu lile la nyumba ya pili.
"Zunguka nyuma," Bi Blenkin aliniambia kupitia tundu la barua,
nami nikazunguka, nikikanyaga theluji iliyogeuka tope,
nikapita choo cha watu ishirini na mmoja,
bomba lake limepasuka kwa baridi,
limevishwa soksi ya mwanajeshi.

Nikatoa fomu. Nikatoa kalamu.
Yeye akaendelea kumenya viazi.

Andika paa, akasema.
Turubai mliliweka mwaka arobaini na moja, mkasema ni la muda.
Muda wenyewe una miaka sita sasa,
umeanza kuota majani.

Andika panya. Siwachukii,
ila wanakula sabuni, na sabuni ni ya kadi.

Andika ukuta huu. Hapana, weka mkono kwanza.

Nikaweka. Ukuta ulikuwa ukitoka jasho
kama mgonjwa wa homa,
na kiganja changu kikarudi cheusi.

Chumba cha ndani mtu alikohoa.
Hakikuwa kikohozi kikubwa. Kilikuwa na adabu,
kikohozi cha mtoto aliyezoea kuambiwa asiamshe wenzake.
Doreen, miaka saba. Analala na mama na shangazi wawili,
na kitanda chao huhama kila tone linapohama.
Daktari ameagiza hewa safi.
"Hewa ipo," akasema Bi Blenkin, "tena ya kuzidi,
inaingia bila kubisha. Huo usafi ndio hatujaupata."

Fomu yangu ina kisanduku cha vyumba,
cha madirisha, cha mifereji.
Kikohozi nikakiandika pembeni
kwa herufi ndogo, kama mtu anayeomba radhi.

Nikamweleza: saruji ni ya mgao, mbao ni za mgao,
mafundi wanne, plasta gunia moja kwa mtaa mzima.
Nikasema, "Tutafanya tuwezalo."
Kisu kikasimama katikati ya kiazi.

"Njoo."
Akasogeza godoro.
Ufa ulitoka darini ukashuka hadi sakafuni,
upana wa dole gumba,
naye ameuziba kwa karatasi, tabaka juu ya tabaka,
kwa gundi ya unga na maji.
Nikainama na tochi. Zilikuwa barua.
Baraza la Jiji linapenda kukujulisha.
Malalamiko yako yamepokelewa.
Suala lako linashughulikiwa.
Na chini ya ile ya nne, kuvu ikiwa imeshaula mwaka,
sahihi yangu,
herufi ya mwisho imeinua mkia kwa maringo.

Ahadi ni deni, watu husema.
Kwa Bi Blenkin ahadi ni kiraka.
"Zinazuia upepo," akasema, wala hakuwa na ukali,
"ila hazidumu. Za mwaka jana zimebanduka zote.
Siku hizi karatasi zenu ni nyepesi."

Nikafunga kalamu. Nikaifungua. Nikaifunga.
Kisha nikang'oa jalada la daftari la Idara,
kadibodi ngumu, yenye nembo ya taji tatu,
nikampa.
Akalipima mkononi kama anavyopima nyama buchani,
akalikunja, akalisikiliza likilia.
"Hili," akasema, "litafika Aprili."

Nje mvua ilikuwa imeanza.
Nikazikumbatia fomu kifuani, hazina jalada tena,
na kabla sijafika kumi na tisa
wino wa kikohozi ulikuwa umeingia kwenye vyumba vyote.