Nafasi Moja, Zamu ya Usiku

Tangazo limebandikwa juu ya birika la kahawa
kwa sumaku yenye umbo la samaki:
Anatakiwa msimamizi.
Cheti cha kupokea simu za dharura, kisichopitwa na muda.
Miaka mitano kwenye kiti.
Maneno arobaini na tano kwa dakika, bila kutazama vidole.
Ajue redio, ramani, sheria, ratiba.
Awe mtulivu.

Awe mtulivu! Wameandika kana kwamba utulivu
ni leseni ya udereva:
unapanga foleni, unapigwa picha,
unatoka nao mfukoni.

Nje, Duluth imelala chini ya theluji ya Februari,
ziwa limeganda hadi macho yanapokoma,
barabara zinashuka mlima zikiteleza kama mlenda.
Ndani tuko wanne, na skrini ishirini na moja,
na kiti kitupu cha Ardith Halvorsen
aliyestaafu Ijumaa akasahau sweta lake.

Ardith alijua kutomshika mtu bega akiwa simuni.
Sauti ni maji kwenye sinia, alisema,
ukimgusa mbebaji yamemwagika.
Alichomeka visikilizio vyake kando ya vyako
akasikiliza tu, nawe ukajua
kuna pumzi ya pili kwenye waya.

Siku moja nilimtafsiria methali ya bibi yangu,
haraka haraka haina baraka.
Alicheka hadi akavua miwani.
"Hapa haraka ndiyo baraka yenyewe," akasema,
"ila ikae vidoleni. Isipande kooni."

Usiku wa tarehe tisa Januari, Kyle Maki,
miezi saba kazini, ndevu bado hazijaamua,
aliipokea sauti ya mzee aliyelia kwa lugha mbili:
mke wangu kaanguka jikoni, hapumui.
Maki akamfundisha kukandamiza kifua,
moja, mbili, tatu, nne,
moja, mbili, tatu, nne,
akihesabu kama mtu anayetwanga,
na ambulensi akaituma Mtaa wa Tatu Magharibi.
Ilikuwa Mashariki.

Sekunde hamsini na mbili.
Ardith ndiye aliyeona, akaigeuza njiani
kwa sentensi moja isiyo na lawama ndani yake.
Maki hata hakukatiza hesabu.

Simu ilipokwisha alibaki akitazama viganja vyake.
Ardith akampa supu, hakumpa pole.
Akakaa kwenye kiti chake, akapokea iliyofuata:
mlevi aliyepoteza gari.

Mimi ningeificha. Nakiri.
Nani angejua? Theluji ingebeba lawama,
imeshabeba mengi.
Yeye aliandika ripoti alfajiri, sekunde zote hamsini na mbili,
na chini, mahali pa jina la aliyekosea,
akatia lake:
Nilikuwa zamu. Nilimwacha aingie saa ya kumi na tatu bila kupumzika.
Kisha akamwita Maki aisome, mstari kwa mstari,
kabla hajaiwasilisha.

Yule mama, sijui. Sisi hatuambiwi mwisho.
Tunafungua kitabu kwenye ukurasa unaowaka,
mlango unagongwa, wenye mabuti wanaingia,
laini inakatika.
Msimamizi ndiye anayeulizwa, "Alipona?"
Hana jibu, na ni marufuku kulitunga.

Nimejaza fomu nusu.
Cheti, ndiyo. Miaka, sita. Maneno, sitini na moja.
Ujuzi mwingine: wameacha mistari mitatu.
Niliandika, Kusikiliza. Nikafuta.
Niliandika, Najua kutofautisha Mashariki na Magharibi.
Nikafuta haraka, Maki asije akapita.
Kalamu imeanza kuvuja.

Taa juu ya meza yake ni nyekundu
kwa dakika ya kumi na nne sasa.
Sauti iko sawa. Mguu chini ya meza hauko sawa.
Nabeba visikilizio vyangu,
fomu naiacha hapo, karibu na birika.