Kufuli, Ibra

Mofizul alikuwa akichimba mtaro
nyuma ya nyumba ya udongo ya babu,
sururu ikagonga kitu kisicho jiwe:
bonge la kutu, zito kama kinyongo.

Hilal akataka siki. Akataka msasa wa umeme.
Nikamwambia, shemeji, chuma kilicholala miaka themanini
hakiamshwi kwa kofi.

Dirisha wazi. Glavu, kitambaa puani,
maana vumbi lile jekundu haliingii kifuani kwa hodi.
Mswaki mkavu kwanza, halafu sindano,
punje baada ya punje,
kisha beseni la magadi na maji yasiyo chumvi, si ya kisima.
Siku ya tatu yakawa rangi ya chai.
Nikamwaga, nikatia mengine.
Mofizul akipita kila jioni: "Bado?"
Bado.

Siku ya tisa tundu la ufunguo likafumbua jicho.
"Endelea," Hilal akasema, "mpaka ling'ae."
Sindano ikazama.
Ndani tupu. Chuma kilishaliwa chote,
kutu ndiyo iliyoshika umbo,
kama mjane anavyoshika nyumba.

Nikaacha hapo.
Nikachemsha maganda ya makomamanga ya Jabal Akhdar,
nikapaka; wekundu ukageuka wanja.
Nikaliacha likauke kabisa, nikalisugua nta
kwa kipande cha kanga kuukuu.

Sasa liko rafuni, kando ya chetezo.
Limefungwa bado, kifundo kimebana hewa.
Mlango wenyewe ulishaondoka, siku nyingi,
bila kufunguliwa.