Kanisa la Saba

Mama huhesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto;
mkono wa kulia ni wa fimbo.
Makanisa saba, Alhamisi Kuu, kabla ya saa sita za usiku:
ndivyo alivyofanya mama yake, na mama wa mama yake,
na mimi, Nazario, fundi chokaa, kitinda mimba,
ndiye niliyebaki wa kumshika kiwiko.

Baridi ya mji huu haivumi. Inakaa.
Inakaa juu ya mawe ya barabara kama mgeni asiyejua kuaga,
inapandia nyayoni, inatafuta goti.
Mama amejitanda sufu nyeusi ya kondoo wake mwenyewe,
ananukia moshi wa msonobari na mvua ya jana.

La kwanza, Karmeli. Foleni hadi barabarani.
Tunapewa kijitawi cha kamomili
na mkate mdogo kama kifungo cha koti.
Mama anamtazama Bikira. Mimi natazama tao:
kuna mstari mwembamba kama unywele,
mwaka jana haukuwepo.
Yeye anasema, "Amina."
Mimi nasema, "Maji yanaingia."

La pili, dhahabu kuanzia sakafuni hadi juu,
malaika mashavu yamewavimba kama wapiga tarumbeta wa harusi,
watalii wameinua simu.
Mama ananiuliza kwa Kitsotsili, wala si kwa kunong'ona,
kama aliyeipaka dhahabu yote hii
alikuwa na mahindi nyumbani.
Sijui, mama. Pengine alikuwa wa ukoo wetu.
Pengine hakulipwa.

La tatu na la nne tuliyameza haraka, kama dawa.

La tano liko kilimani.
Ngazi sabini na tisa, nilizihesabu kwa pumzi zake.
Kwenye ngazi ya arobaini akaketi,
akaagiza uji wa mahindi kwa mwanamke mwenye sufuria,
akafungua pindo la leso, akatoa sarafu moja moja.
Mvuke ukamficha uso.
"Aliyeamua kujenga huku juu," akasema nyuma ya mvuke,
"mawe hakubeba yeye."

La sita ukuta wake naujua kwa viganja.
Miezi mitatu nililala na vumbi lake kwenye kope.
Ipo methali ya ufa na ukuta;
mimi ndimo ninamoishi, kati ya hayo mawili,
naziba nilichokikuta kimepasuka.

La saba limefungwa tangu tetemeko.
Mabati, mnyororo, kibao cha serikali:
tarehe ya kuanza imeandikwa,
ya kumaliza imeachiwa nafasi.
"Twende kanisa kuu, mama. Nalo linahesabika."
"Hapa ndipo nilipobatizwa," akasema Rominka, mama yangu.
"Na ufunguo unao."

Ninao. Siruhusiwi, lakini ninao.

Ndani hakuna paa katikati. Nyota, na jukwaa la mbao,
na sakafu iliyoota majani ya mwaka mmoja.
Mtakatifu alihamishwa amefungwa blanketi,
watu wanne wamembeba kama mgonjwa wa zahanati.
Shubaka lake amelipanga njiwa, analalia mayai mawili.
Mama akalisalimia shubaka kwa jina la mwenyewe,
kisha akangoja,
kama unavyongoja mlangoni kwa mtu mzima,
ukijua atachelewa kuinuka.

Njiwa hakuruka.
Mama akauvunja ule mkate mdogo,
akanipa nusu, nusu akaisaga, akaimwaga chini ya shubaka.
Halafu akaweka kiganja ukutani, penye kiraka cheupe.
"Hiki cha nani?"
"Changu. Mwezi uliopita."
Akakigonga kwa ukucha, akasikiliza.
"Chokaa ulibana," akasema.
"Chokaa ni ya serikali, mama."
"Ukuta je?"

Nje, kufuli lilinikatalia mara mbili,
vidole vilikuwa vimekufa ganzi.
Yeye alikuwa ameshakunja kidole cha mwisho
na kuanza kuteremka bila kunisubiri,
fimbo ikigonga mawe, kamomili nyuma ya sikio.

Kesho ni Ijumaa Kuu, fundi hashiki mwiko.
Jumamosi nitakibandua kile kiraka.