Usukani wa Kulia

Kaka yangu Ganzorig alipokwenda Korea kuchomelea meli
aliniachia jiko la umeme, deni la makaa,
na gari la Kijapani lenye usukani kulia
katika mji ambao magari yote hupita kulia vilevile;
yaani dereva unakaa ukingoni, jirani na mtaro,
na barabara nzima inayokuja kukuua
iko upande usiouona.

Watu huniuliza: ilikuwa ajali gani?
Wanapenda iwepo ajali. Woga wenye ajali una adabu,
una tarehe, una kovu la kuonyesha wageni.
Wangu hauna. Ulinikuta tu, mtu mzima,
miaka arobaini na sita, leseni mpya mkobani,
magoti yakicheza kama mfuniko wa birika.

"Mimi nilipanda farasi nikiwa na miaka minne," mama akasema.
Farasi ana akili zake, mama.
Akiona shimo, hukataa.
Hili halina akili ila zangu,
nazo ndizo hizi.

Mwezi mzima nililiendesha likiwa limesimama.
Usiku nilishuka, nikaondoa blanketi la sufu juu ya injini,
nikaketi, nikawasha taa, nikazima,
nikagusa honi bila kuipiga,
nikapanda ngazi tena hadi ghorofa ya saba.
Jumanne tu ndiyo niliyopumua: siku hiyo
namba ya gari letu imepigwa marufuku mjini,
na woga wenye kibali cha serikali
ni mtamu kama likizo.

Lakini figo hazisomi namba za magari.
Mara tatu kwa wiki damu ya mama husafishwa
ng'ambo ya pili ya Ulaanbaatar.
Alhamisi ile, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
teksi ya kwanza ikatupita, ya pili, ya tatu.
Mama ameshika nguzo ya kituo kwa glavu zote mbili.
Hasemi.
Angelalamika ningevumilia.

Akanyunyiza maziwa kwenye matairi manne
kama anavyoaga wasafiri wa mbali;
yakaganda kabla ya kudondoka.
Kisha akaketi kushoto, mkoba mapajani,
akafunga mkanda kama anayefunga ndoa.

Wameiita Barabara ya Amani.
Aliyeipa jina hilo hajaipita saa mbili asubuhi,
moshi umelala juu ya lami, taa nyekundu zinaelea bila magari,
honi mbele, honi nyuma, honi ndani ya mbavu zangu.
Nikafika pa kukata kushoto. Basi limeniziba.
Sioni kitu ila tangazo la maziwa ya unga.

"Bado," mama akasema.
Amenyoosha shingo, yeye ndiye aliye upande wa kuona.
"Bado. Lori. Bado."
Nyuma yangu mtu anatukana ukoo wangu wote.
"Bado, mwache atukane.
Sasa."

Na mguu ukatii, mguu wangu huu,
ambao kwa mwezi mzima haukuwahi kunisikiliza.

Saa nne za mashine ni ndefu; nikarudi nyumbani kuchukua mchuzi.
Kiti cha kushoto kitupu, kina joto lake bado.
Pale pale, basi jingine, tangazo lile lile.
Nikalala kifua juu ya usukani, nikanyoosha shingo kama yeye,
na nikajisikia nikisema kwa sauti, mimi peke yangu garini:
bado. Bado.

Sikumbuki kama nilisema sasa.
Nakumbuka nilikuwa ng'ambo.

Usidhani umeisha. Unapanda nami kila asubuhi,
hukaa kiti cha nyuma, hupumua kwenye kioo.
Ila Jumanne iliyofuata tulipanda basi,
na dereva alipokata kona kwa pupa
niliukanyaga mguu wa kulia sakafuni
kutafuta breki isiyokuwepo, nikafoka:
"Huyu kafundishwa na nani?"

Mama akatazama dirishani,
mabega yakimtikisika.