Vishikizo

Szeged, Januari. Mto Tisza umeota ganda la barafu
na Ildikó hajavua koti tangu alfajiri.
Chini ya lenzi, tone moja,
na ndani yake bakteria waliotolewa kifuani
mwa Bwana Vencel, dereva wa tramu, kitanda cha nne.
Dawa tano zimempitia, mvua juu ya bati.

Tatizo ni koti.
Bakteria hawa wanavaa mawili, la ndani na la nje,
na la nje limefumwa kwa mafuta na minyororo ya sukari,
likafungwa kwa vishikizo vya magnesiamu:
kila kishikizo kimeshika kingo mbili zisizopendana,
hasi kwa hasi, zinazotamani kuachana.
Dawa inabisha hodi. Haitikiwi.

Lakini yupo chura wa kinamasi, mgongo wa tope,
tumbo la makaa yaliyopulizwa,
hulala ndani ya uozo na haozi.
Jasho la ngozi yake lina peptidi,
kauzi kafupi kaliojaa chaji chanya.

Kenyewe hakabishi hodi.
Kanafika kamelegea, kamechomoka sindanoni,
kananusa uhasi, kanasogea, kanakikalia kishikizo:
pisha, hapa pangu.
Magnesiamu inang'oka. Moja. Nyingine.
Koti linapwaya.
Ndipo uzi unapojisokota, unakuwa parafujo,
ubavu mmoja wapenda maji, wa pili wapenda mafuta,
na kwa undumakuwili huo unapenya hadi koti la ndani,
unalitoboa.
Chembe za Bwana Vencel mwenyewe inazipita tu;
nyuso zao hazina uhasi wa kuinasa.

Saa nane na dakika kumi tone linaanza kung'aa:
rangi nyekundu, iliyokuwa ikizuiwa mlangoni, imeingia.
Ildikó anahesabu kwa sauti, kidole hewani,
kama anayehesabu vifaranga.

Wote, isipokuwa watatu.

Watatu hao wameshona upya.
Wameufunika uhasi wao kwa kiraka cha sukari ngeni,
na uzi unateleza juu yao, haupati pa kushika.
Mwenye kovu usidhani kapoa.

"Wamekufa?" anauliza Zsombor kutoka kwenye friji.
"Karibu."
Anaandika 3 daftarini, anaizungushia duara,
kalamu inakwaruza karatasi hadi inatoboka.

Nje, tramu namba moja inapita,
inaendeshwa na mtu mwingine.