Ulimi wa Kuazima

Nagpur, mwezi wa Mei, saa saba mchana.
Umeme umekwenda zake tangu saa nne,
feni imenyamaza darini kama mdaiwa,
na kunguru wa Dhantoli wameacha hata kugombana.

Indumati amekaa, miguu ndani ya karai la maji.
"Leo utaitengeneza wewe," anasema.
Mimi, niliyewakatia watu tiketi za reli miaka thelathini na minne
na sikuwahi kukata ndimu.

Tangu homa ile ya Januari
pua yake imefunga duka.
Ulimi hauna mfupa, lakini wake ulivunjika:
chai kwake ni maji moto,
embe ni pamba iliyolowa,
haluwa ya dada yake aliitema kwenye leso
akasingizia jino.

Basi anapika kwa masikio.

"Jira kwanza. Kikaango kikavu, usitie mafuta."
Natikisa. Zinatatarika, ta, ta-ta.
"Bado."
Moshi unanipanda machoni.
"Bado. Zikianza kunong'ona, epua."
Naepua.
Kweli, zilikuwa zinanong'ona.

Kinuni: jira, pilipili manga punje sita
(ya saba iliruka chini ya kabati, sikuifuata),
na kijiwe cha chumvi nyeusi
ambayo ukiiponda si nyeusi, ni waridi lililofifia,
na harufu yake, niseme kweli, ni ya yai viza.
"Inanuka?"
"Inanuka vibaya."
Akatabasamu kama aliyepokea barua.

Ndimu nikaziviringisha sakafuni kwa kiganja
mpaka zikalegea.
"Usizikamue kama unalipiza kisasi, ganda litatia uchungu."
Nikazikamua kama ninalipiza kisasi.
Tone likanikuta penye mkato wa kidole
nikatamka neno ambalo stesheni nzima walilijua.
Majani ya nanaa, nimeyapiga kofi moja.
Tangawizi, kipande cha ukucha.
Maji ya mtungi, maana friji nayo imezimia.
Sukari: kijiko, kijiko, kijiko, kijiko.
"Vinne, basi," akasema, akihesabu mlio.

Cha tano nikakitia kimyakimya,
kikiteleza ubavuni mwa jagi
kama mwizi anayeijua ngazi.
Nilidhani labda utamu,
ukisukumwa kidogo,
utapita palipofungwa.

Akanywa. Akangoja.
"Baridi," akasema.
Akangoja tena.
"Baridi tu."

Ndipo hodi. Msoma mita,
kijana Prafulla, shati limemganda mgongoni,
amekuja kusoma mita isiyozunguka.
Indumati akamwita ndani, akampa bilauri ya chuma.
"Usinywe kama mfereji wa mvua. Onja, kisha niambie."
"Nikuambie nini, mama?"
"Kila kitu."

Kijana akafumba macho.
Koo likapanda, likashuka.
"Ndimu inaingia kwanza, haipigi hodi.
Halafu hii chumvi... samahani...
kama baruti za Diwali, asubuhi ya pili yake,
ukipita barabarani kabla hawajafagia.
Jira inafuata nyuma, polepole,
mtu mzima anapanda ngazi.
Pilipili inakwaruza hapa,
kisha inaomba radhi."
"Na nanaa?"
"Nanaa ni dirisha."

Midomo ya Indumati ilikuwa ikitembea,
ikirudia maneno nyuma yake,
baruti, ngazi, dirisha,
na mkono wake ukaifuata bilauri yake mezani
akanywa tena, fundo dogo,
akalishikilia mdomoni muda mrefu
kama anayetafuta jina la mtu.

Sikuuliza.

"Na sukari, mwanangu?"
Kijana akafumbua macho, akanitazama.
Nikatazama karai.
"Sukari," akasema, "imezidi kidogo."

"Kijiko kimoja," akasema mke wangu.
"Nilikisikia."