Subana

Mita yalia tangu alasiri.
Tokeni zimebaki chache, nami nagawa stima
kama agawaye maji ya kisima kiangazi:
nusu saa oveni, nusu saa cherehani,
friji ivumilie, ina nini kwani?
Chupa za maji na nusu ya limau.

Leo ishirini na tisa.
Mwezi ukiandama, kesho ni Idi,
na gauni la Thureya halina mkono wa kushoto.

Hapa Guraya, ghorofa ya tatu, meza ni moja.
Upande wa dirishani kitambaa cha zambarau
nilichokipigania Barabara ya Biashara
na mwanamke nisiyemjua, wala sasa simsahau.
Upande wa ukutani unga wa mchele, samli,
na iliki iliyopita kwenye blenda ya Twaha.
Aliileta kutoka Doha, ina vitufe saba.
Mimi nakijua kimoja.
Nikikibonyeza, Mama Lubna hugonga ukuta kwa mwiko:
"Waponda nini huko, kokoto?"

Nikikanda, nyuzi zanata vidoleni.
Nikishona, unga wamwagikia pindo.
Mwaka juzi mgeni alitoa uzi mwekundu kinywani,
kileja kikiwa nusu. Akautazama,
akaukunja ndani ya leso, akamalizia chai yake.
Wenye adabu bado wapo.

Mashine ya kufyatulia biskuti ninayo,
ilikuja na visahani kumi na viwili.
Tisa vimepotea, kimoja huzuia mlango usigongwe na upepo.
Naiacha kabatini. Nachukua subana ya mama,
ile kofia ya kidole, ya shaba,
imebonyea ubavuni tangu mwaka aliposhona
kanzu za madrasa nzima kwa taa ya chemli.
Naichovya ungani, nakandamiza:
kila kileja chapata kishimo cha duara
na vidoti ndani, vidogo vidogo,
kama mchanga uliopigwa na manyunyu.

Mama hakuniachia kipimo.
"Tia samli," alisema, "hata unga useme basi."
Mwaka wa kumi na moja huu nausikiliza unga.
Kuna miaka haukusema kitu,
tukala vigumu, tukawaambia watu ni vya kuchovya.

Thureya yuko juu ya kigoda,
mkono mmoja ndani ya gauni, mwingine wangoja hewani,
pini kumi na nne zimemzunguka.
"Mama, na mwezi ukiandama nikiwa hivi?"
"Utapokea mkono wa Idi kwa mkono huo huo."

Mita ikalia mara ya mwisho, ikanyamaza.
Giza. Trei moja i ndani ya oveni.
Sindano imezama katikati ya mshono.
Nikazungusha gurudumu kwa kiganja,
tundu kwa tundu, Thureya akinimulikia kwa simu,
hata redio za mtaa mzima zikakutana kwenye sauti moja:
mwezi haukuonekana.

Mtaa ukaguna. Chini mtoto akaangua kilio.
"Na mahamri nishakaanga!" akalalama Mama Lubna.
Mimi, Mola anisamehe, nilicheka gizani,
nimeongezewa siku.

Nikafungua oveni. Joto lililosalia lilikuwa limemaliza kazi:
vyeupe, vimepasuka kingo, vyanukia.
Thureya akashika kimoja, hakukila.
Akatia kidole kwenye kile kishimo,
akakigeuza geuza, kuona kama chamtosha.

Nikavua subana, nikamvisha. Ikapwaya.
Nikakata kipande cha zambarau, nikakisokota ndani.
Ikakaa.

"Haya, mpelekee Mama Lubna sahani hii,
ibebe kwa mkono ulio na mkono.
Na uvue gauni kwanza, Thureya.
Thureya, pini!"

Alikuwa keshafika ngazini.
Nikasikia mlango wa jirani ukifunguka,
kisha kicheko, kisha mwiko
ukigonga ukuta mara tatu.
Sijui ni shukurani
au ni kokoto.